Simu ya Saa Nne

Stoo ya shule ilikuwa mwisho wa korido, baada ya maktaba na kabla ya vyoo vya walimu, mahali ambapo mtu hafiki mpaka awe ametumwa. Ndani mlikuwa na maboksi ya chaki, mafagio, rimu za karatasi, mipira iliyoishiwa pumzi, na mwanamke wa miaka hamsini na sita aliyekalia kiti kilichofungwa mguu kwa waya. Wanafunzi walimwita Mama Kabati. Walimu wakaiga, kwanza kwa kunong'ona, baadaye bila haya, na mwishowe hata yeye mwenyewe, mtu akigonga na kuuliza nani yumo, alijibu kuwa yumo Mama Kabati.

Jina lilitokana na kabati la chuma lililosimama nyuma ya kiti chake. Miaka minne nyuma, mkuu wa shule alichoka kuona darasa zima limeinama, vidole vinacheza chini ya madawati na mwalimu anaongea na ubao. Akatoa amri: simu zote zikabidhiwe stoo saa moja na nusu asubuhi, zirudishwe saa tisa alasiri. Mama Kabati akachukua mapazia mabovu ya ukumbini, akayakatakata, akashona mifuko midogo arobaini na tano kwa kila darasa, kila mfuko na namba yake kwa uzi mwekundu. Hakuna aliyemwomba atie namba kwa uzi, kalamu ingetosha. Alishona kwa sababu alikuwa na jioni nyingi na hakuwa na mtu wa kuongea naye.

Kama unadhani wanafunzi walikubali kirahisi, basi umesahau ulivyokuwa wewe. Mwaka wa pili ulipofika, kabati lilianza kujaa simu zilizokufa. Watoto walizitafuta kwa mafundi, zisizo na betri, zenye vioo vilivyopasuka, mradi ziwe na umbo la simu, wakazikabidhi kwa adabu zote, huku zile nzima zikienda darasani ndani ya soksi. Mmoja alileta mche wa sabuni ndani ya kava. Mama Kabati aliwajua wote. Simu inayotumika hutoka mfukoni ikiwa na joto la mwenyewe, na mfu hutoka baridi. Alipokea zote, akaandika daftarini, akatia kila moja kwenye mfuko wake, sabuni pamoja. Kazi yake, alisema, ni kutunza alichopewa, si kupekua soksi za watoto wa watu.

Ila aliyekamatwa darasani, mambo yake yalikuwa mengine. Simu hiyo haikuingia mfukoni. Ilitiwa kwenye bahasha ya kaki, ikaandikwa tarehe, jina la mwanafunzi na la mwalimu aliyemkamata, ikazimwa, ikafungiwa droo ya chini hadi muhula uishe. Ilikuwa na njia moja tu ya kutoka mapema: mzazi au mlezi aombe, mkuu akubali, irudishwe siku hiyohiyo. Kazi ya kupeleka ombi kwa mkuu ilikuwa ya mtunza stoo, kwa kuwa funguo alikuwa nazo yeye.

Simu ya Mama Kabati mwenyewe ilikaa mezani wazi, maana hapakuwa na amri iliyomhusu. Ingekuwepo, asingekosa kitu. Mume wake alifariki miaka tisa iliyopita na hawakujaliwa mtoto. Wadogo zake wawili wa kiume, aliowalea kwa mikono yake, sasa walikuwa watu wakubwa wenye miji yao na shughuli zao, na kila mara walisema watapiga wiki ijayo. Aliyemkumbuka bila kuchoka ni kampuni ya simu, iliyomtumia ujumbe kila asubuhi kumwita mteja wake mpendwa. Mwanzoni aliufuta. Siku hizi aliusoma mpaka mwisho.

Sasa tuje kwa Nukta. Huyu alikuwa binti wa Kidato cha Tatu, mdogo wa umbo na wa maandishi, ndiyo maana mwalimu wa hesabu akampachika jina hilo. Aliishi na babu yake mzaa mama, mzee mwema mwenye masikio mazito, ambaye simu kwake kilikuwa kitu cha kuchaji tu. Mama yake alikuwa ng'ambo mwaka wa pili, akipika kwenye jiko kubwa la kulisha wafanyakazi. Msimamizi wa jiko hilo naye alikusanya simu mlangoni, akawapa wapishi robo saa tu kwa siku, na robo saa hiyo huku kwetu iliangukia saa nne asubuhi. Kwa hiyo mama na mwana, kila mmoja kwenye nchi yake, walinyang'anywa simu na watu wazima wenye funguo.

Saa nne ilikuwa katikati ya kipindi cha tatu. Nukta alikabidhi simu mfu kila asubuhi, akaificha ile nzima, na saa nne ikikaribia aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Walimu wengi walimruhusu. Yule wa hesabu, ambaye wanafunzi walimwita Kipeo, hakuamini kwamba mtu mwenye afya anaweza kutaka choo katikati ya milinganyo. Siku moja ya mwezi wa pili ratiba ilibadilishwa, kipindi cha tatu kikawa chake, na simu ikaanza kutetemeka ndani ya soksi. Nukta akainama kana kwamba anaokota kalamu. Akanong'ona, "Mama, usinipigie tena saa hizi," akakata. Alipoinuka, viatu vya Kipeo vilikuwa pembeni ya dawati.

Simu ilifika stoo kabla ya mapumziko. Siku hiyo gari lilikuwa limeleta rimu za karatasi za mtihani, Mama Kabati anahesabu, dereva anataka sahihi, Kipeo naye anataka bahasha iandikwe mbele ya macho yake. Aliandika, akatia simu, akasukuma droo kwa goti. Akasahau kuizima. Katika miaka minne hakuwahi kusahau, na siku ile alisahau.

Kesho yake, saa nne kamili, droo ikalia.

Aliiacha ilie. Ikanyamaza, ikalia tena, pini zilizokuwa ndani ya kikopo zikicheza. Mara ya tatu alifungua ili aizime. Kwenye kioo palikuwa na neno moja, "Mama," likiwaka na kufifia. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akapokea, nia yake ikiwa kusema tu kwamba simu imeshikwa na shule.

"Usikate, mwanangu," sauti ikasema kabla hajafungua kinywa. "Najua umesema nisipige. Sina saa nyingine. Umenikasirikia?"

Mama Kabati akajitambulisha. Akaeleza habari ya amri, ya bahasha, ya mwisho wa muhula. Upande wa pili zilisikika sufuria, na mtu akipita na maji yanayomwagika. Mama yule aliuliza jambo moja tu, kama mtoto hakukasirika.

"Hakukasirika," Mama Kabati akasema. "Anakusalimia."

Hakuna aliyemtuma. Maneno yalimtoka kwa sababu sauti ile ilikuwa inayahitaji, na mtu mwenye moyo angefanya vilevile. Mama akashukuru, akamwita dada, akamsihi amwombee kwa mkuu simu irudishwe, kwani huyo ndiye mtoto wake pekee na namba hiyo ndiyo njia yake pekee. Mama Kabati akaahidi, na aliahidi kwa dhati. Alasiri hiyo alikwenda hadi ofisini. Mkuu alikuwa kwenye kikao cha bodi, akarudi zake.

Kesho yake saa nne mama akapiga kuuliza jibu. Jibu bado, akaambiwa. Zilibaki dakika kumi na mbili, na mama yule, badala ya kukata, akauliza, "Na wewe dada, umeamkaje?"

Swali la kawaida kabisa, unaweza kuulizwa na muuza maziwa. Lakini mama yule aliuliza kisha akanyamaza akisubiri jibu. Mama Kabati akasema ameamka salama, kisha akasema goti linamsumbua, kisha akajikuta anaeleza goti lilivyoanza, mwaka gani, kwenye ngazi zipi. Mama akampa dawa ya kuchua aliyojifunza kwa wapishi wenzake. Waliagana kama watu waliosoma pamoja. Aliporudisha simu kwenye droo aliona betri imeshuka. Kesho yake alikuja na chaja yake.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo, maana watu wakisimulia mambo kama haya hupenda kusema fulani alijikuta, fulani alipitiwa. Kusahau kuizima ni kupitiwa. Kuichaji si kupitiwa. Siku ya tatu mkuu alikuwepo, mlango uko wazi, amekaa anakunywa chai peke yake. Mama Kabati alipita na ndoo ya chaki, akamwamkia, akaitikiwa, akaendelea na safari yake. Alijua kwamba ombi likikubaliwa simu itarudi kwa mwenyewe, na saa nne hakuna atakayempigia.

Ijumaa Nukta alikuja stoo baada ya masomo. Alisimama mlangoni, mkoba kifuani.

"Shikamoo, Mama. Simu yangu imelia?"

"Marahaba. Za droo zote huzimwa, mwanangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa amri, na yeye aliitaja kama amri ilivyo. Nukta akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na pengine pa kuuliza. Rafiki zake walikuwa tayari kumwazima simu zao za soksini, lakini namba ya mama yake ilikuwa ndani ya simu ile tu, si kichwani wala kwenye simu ya babu. Nani siku hizi anakariri namba? Babu alikuwa ameambiwa simu iko kwa fundi, kwa kuwa Nukta aliona haya kusema amekamatwa. Neno la mwisho alilomwambia mama yake lilikuwa asipige tena. Kwa hesabu zake mama alikuwa ametii.

Zikapita wiki tano. Mama Kabati akaanza kufunga mlango saa nne kasoro dakika tano na kutundika kibao cha "Nipo ukaguzini." Akatoa sandukuni gauni la bluu alilokuwa akilihifadhi kwa sherehe zisizokuja. Mwalimu wa michezo akamtania kama kuna mchumba, naye akacheka kicheko cha mtu ambaye kweli ana jambo. Alijua sasa majina ya utani ya wapishi wote wa jiko lile la mbali, nani anakoroma bwenini, nani kaolewa, nani kaungua mkono na mafuta. Mama yule naye alijua habari za rimu, za Kipeo, za wadogo zake wawili wa wiki ijayo. Kila siku aliulizia ombi, na kila siku palikuwa na sababu: mkuu yuko safarini, mkuu ana wageni, mkuu amesema atalitazama. Kila siku pia alipewa salamu za mtoto wake, tena zilizopambwa.

Kwa kuwa alihitaji cha kusimulia, Mama Kabati alianza kumfuatilia Nukta kwa macho. Alisoma matokeo ubaoni ili aseme binti amepata themanini na moja kwenye jiografia. Alisema amenyoa nywele, sweta limembana, amekua. Hayo yalikuwa ya kweli. Aliona na mengine ambayo hakuyasema. Nukta aliacha kucheza wavu. Mapumziko alikaa peke yake kwenye ukuta wa bomba, uso umegeukia njia, na mtu akimwita ilibidi amwite mara mbili. Mama Kabati alimwona hivyo kupitia dirisha la stoo, siku baada ya siku, na alijua amekaa pale kwa sababu gani. Tusimtafutie udhuru. Alijua kabisa. Jioni, kwenye vyumba vyake viwili, alijiambia kwamba kesho atakwenda kwa mkuu. Asubuhi alivaa gauni la bluu.

Ijumaa ya wiki ya sita simu ililia saa nne na dakika moja, na sauti ya mama ilikuwa na haraka.

"Dada, leo sina mazungumzo. Tunahamishwa kesho, kambi nyingine, milimani. Hakuna mtandao huko. Miezi mitatu, wamesema, labda minne. Nimepewa robo saa hii tu. Nakuomba kama mama kwa mama mwenzako, mpe mwanangu nimsikie."

Hakuwa mama. Hilo hakuwahi kulisema katika robo saa zote zile. Mwenzake alimchukulia hivyo, naye akamwacha. Alisema binti yuko darasani. Mama akajibu kwamba anajua yuko darasani, kila siku saa hizi yuko darasani, na ndiyo maana anaomba. Zilisikika sufuria tu, na dakika zikawa zinakwenda.

Mama Kabati alisimama. Goti lilimchoma, akajikaza. Alifungua mlango simu ikiwa mkononi, imewaka, akapita korido nzima, akavuka uwanja mbele ya madirisha ya madarasa sita. Vichwa vilianza kugeuka. Watoto waliokuwa na simu ndani ya soksi walimwona mtunza simu akikimbia na simu sikioni, akisema, "Nakuja, usikate, nakuja," na hakuna aliyecheka. Ngazi za ghorofa ya pili alizipanda kwa kushika ukuta.

Kipeo alikuwa anachora mchoro. Aliposikia mlango unafunguliwa bila hodi aligeuka na chaki hewani.

"Mama Kabati. Hiyo ni simu?"

"Ni mama yake Nukta, mwalimu. Mimi utaniadhibu baadaye."

Sijui ni nini alichokiona Kipeo kwenye uso ule, maana hakuwa mtu wa kubadili mawazo. Alimwita binti, akamwonyesha mlango. Nukta akatoka, akapokea simu kwa mikono miwili, na hapo korido, kati ya dirisha na ndoo ya taka, akasema "Mama?" kwa sauti ndogo ya mtu asiyetegemea kujibiwa.

Mama Kabati alipaswa kuondoka. Alibaki, mgongo ukutani, akitweta. Alikuwa amezoea kusikia upande wa mama, sasa alisikia ule mwingine. Nukta alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa sweta. Alisema ndiyo mara nyingi. Alisema babu hajambo. Alisema miezi mitatu si mingi. Kisha akasikiliza, na uso wake ukaanza kukunjamana, si kwa kilio tena.

"Salamu gani?" akauliza.

Akasikiliza. Macho yake yakainuka taratibu, yakamkuta Mama Kabati, yakabaki hapo.

"Kila siku?" akauliza.

Mama Kabati alitamani sakafu impokee. Angeweza kusema neno, kuomba simu, kujieleza, zilikuwa zimebaki labda dakika mbili. Alitazama mikono yake. Upande wa pili mama alikuwa anauliza kitu, sauti yake ndogo ilisikika ikipanda, na Nukta alikuwa bado hajaondoa macho.

"Ndiyo, mama," Nukta akasema. "Nilizituma mimi. Nilisahau tu, zilikuwa nyingi."

Alisema hivyo bila kupepesa. Kisha akasema nenda salama, akasema nakupenda, na simu ikakatika yenyewe kama ilivyokatika siku zote robo saa ikiisha. Alipangusa kioo kwenye sketi, akamrudishia Mama Kabati.

"Muhula haujaisha," akasema, akaingia darasani.

Mama Kabati alipitia stoo akachukua bahasha, akaenda kwa mkuu, jasho halijamkauka. Hakukaa. Alisema mzazi wa binti huyu anaomba simu irudishwe, yuko mbali, hana njia nyingine. Mkuu, ambaye alikuwa anatafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake, alisema mrudishie, kuna shida gani, na akaandika mstari mmoja kwenye kipande cha karatasi. Yote hayo hayakumaliza dakika tatu. Ndipo mkuu alipoiona tarehe kwenye bahasha, akauliza mzazi ameomba lini.

"Tangu mwezi wa pili," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

Alikuwa na sababu nyingi tayari, alizozitumia wiki tano, za safari na wageni na vikao. Hakuzitoa. "Nilikuwa napenda kupigiwa," akasema.

Mkuu alishusha miwani machoni akamtazama. Akasema ataandika barua ya onyo, kwa sababu ni lazima, na akamwambia aende. Mama Kabati alifika mlangoni akaitwa tena, akageuka. Mkuu akamwambia afunge mlango vizuri, upepo unapeperusha karatasi.

Saa tisa watoto walikuja kuchukua simu zao, nzima na mfu. Walikuwa kimya kuliko kawaida, na kila mmoja alisema asante, hata yule wa sabuni. Nukta alikuja wa mwisho. Mama Kabati alikuwa ameiweka simu mezani pamoja na karatasi ya mkuu, ameondoa kibao mlangoni, amejiandaa kuomba msamaha. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu adhuhuri. Nukta alichukua simu, akaitia mkobani bila kuiangalia. Kisha akavuta boksi la chaki, akalikalia.

"Akirudi kwenye mtandao ataanza kuniuliza," akasema. "Ataniuliza nilichomwambia. Mimi sikijui. Nataka uniambie vyote, nilisema nini, na yeye alisema nini. Tangu siku ya kwanza."

"Mwanangu, kwanza naomba..."

"Sikuja kwa hilo."

Mama Kabati akasogeza kiti. Akaanza na siku ya kwanza, mama alivyosema usikate, alivyouliza kama amekasirikiwa. Nukta aliposikia hilo alifumba macho, kisha akayafumbua, akaitikia kwa kichwa. Akaendelea na ya pili, ya tatu. Alishangaa jinsi alivyokuwa anayakumbuka yote, neno kwa neno, mpaka sufuria zilipogongana, mpaka mama alipocheka na kwa nini. Alimwambia habari za mpishi aliyeungua. Alimwambia jinsi mama alivyoota anamsuka mwanawe nywele akaamka vidole vinauma. Vitu hivyo vyote vilikuwa vya huyu mtoto, na yeye alikuwa amevila peke yake, saa nne baada ya saa nne, mlango umefungwa. Sasa alivitoa kimoja kimoja, na aliona aibu kila kilipotoka.

Alipofika wiki ya tatu sauti ilimpungua.

"Siku hiyo alilia," Mama Kabati akasema. "Aliniuliza kama unamchukia kwa kuondoka. Nikamwambia hapana. Nikamwambia ulisema unajivunia kuwa na mama kama yeye."

Nje mlinzi alikuwa anafunga madirisha ya ghorofani, moja baada ya jingine.

"Hilo sikukutuma," Nukta akasema.

"Hukunituma."

"Na sijui kama ningekutuma." Akavuta sweta likafika vidoleni. "Haya. Wiki ya tatu, Jumatano. Endelea."